Renault 4: gari la kilo 600 lililobeba wakulima, mapadri na polisi

Mwaka 1956 Pierre Dreyfus alikuwa na mwaka mmoja tu kwenye kiti cha ukuu wa Renault, kampuni iliyokuwa mali ya serikali ya Ufaransa tangu 1945. Aliwaagiza wahandisi wake watengeneze gari ambalo bei yake isingezidi faranga 350,000 za wakati ule. Alitaka liwe kama suruali ya jinzi: shambani inafaa, kazini inafaa, matembezini inafaa, na anayeivaa haulizwi ana cheo gani.

Mpinzani alikuwa anajulikana. Tangu 1948 Citroën walikuwa wamewateka watu wa vijijini kwa 2CV yao. Renault nao walikuwa na 4CV, gari la kwanza la Kifaransa kuuzwa kupita milioni moja, lakini injini yake ilikaa nyuma, kwa hiyo pa kuweka mzigo palikuwa padogo mno. Gunia halikuwa na mahali. Jibu la wahandisi lilikuwa kugeuza kila kitu: injini ikaletwa mbele, magurudumu ya mbele ndiyo yakawa ya kuvuta, sakafu ikalazwa bapa hadi mwisho, na nyuma ukawekwa mlango mpana unaofunguka kwenda juu. Leo mlango wa namna hiyo uko karibu kwenye kila gari dogo barabarani. Mwaka 1961 gari la familia lenye milango mitano na bei ya mtu wa kawaida lilikuwa jambo jipya.

Kiangazi cha mwaka huo 4CV ya mwisho ilitoka kiwandani kwenye kisiwa cha Seguin, katikati ya mto Seine, na Renault 4 ikashika nafasi yake. Ya mwanzo ilikuwa na uzito wa kilo 600 hivi na injini ya sentimita za ujazo 747. Kulikuwa na ndugu yake maskini zaidi, Renault 3 yenye injini ya 603, lakini wanunuzi waliikwepa na haikudumu. Mtu wa kipato kidogo naye ana macho. Hataki gari linalomtangaza kuwa hana.

Wepesi ule haukuja kwa kulipua kazi. Springi za nyuma ziliachwa, zikawekwa nondo mbili ndefu zinazojisokota gurudumu linapopanda tuta. Kila nondo inakatiza upana mzima wa gari, na kwa kuwa haziwezi kupita mahali pamoja, moja imelala nyuma ya mwenzake. Ndiyo maana ukipima umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, upande wa kulia unazidi wa kushoto kwa milimita 48. Gari limetoka kiwandani hivyo, na linakwenda sawasawa. Giaboksi iko mbele ya injini, kwa hiyo fimbo ya gia inapita juu ya injini na kutokeza kwenye dashibodi. Dereva anaivuta, anaisukuma na kuizungusha mkono. Mgeni hutatizika kidogo mwanzoni, kisha anazoea.

Mimi navutiwa zaidi na mambo mawili ambayo mnunuzi wa dukani hakuyaona kabisa. Mfumo wa kupooza injini ulifungwa moja kwa moja, maji yakijaa joto yanakimbilia kwenye chupa yake na kurudi, hivyo mwenye gari hakulazimika kuongeza maji kwenye rejeta kila mara. Tena hapakuwa na vituo vya kupaka grisi, wakati magari mengi ya enzi zile yalidai grisi kila baada ya safari chache. Kwa mtu anayekaa mbali na gereji, hiyo ndiyo heshima ya kweli ambayo mhandisi anaweza kumpa.

Heshima hiyo ililipwa. Kufika 1966 zilikuwa zimeshatengenezwa milioni moja, na hadi mwisho wake zilipita milioni 8. Mwaka 1965 wanawake wanne wa Kifaransa walizitumia mbili kusafiri kutoka ncha ya kusini ya Amerika hadi Alaska. Katika mashindano ya Paris–Dakar ya 1980, ndugu wawili, Claude na Bernard Marreau, walimaliza wa tatu kwa upande wa magari. Polisi wa Ufaransa waliitumia, posta waliitumia. Nchini Colombia iliundwa kwa miaka zaidi ya 20, na huko Antananarivo, Madagascar, imekuwa teksi ya kila siku kwa miongo. Nchini Kenya, watu wa makamo wanaikumbuka kwa jina la Renault Roho. Imo pia katika kumbukumbu chungu: Mei 9, 1978, mwili wa Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani wa Italia, ulikutwa kwenye buti la Renault 4 nyekundu mjini Roma. Na mwaka 2013 padri mmoja wa Verona alimzawadia Papa Fransisko Renault 4 yake ya 1984, ikiwa imetembea kilomita 300,000.

Mwaka 1992 Renault waliiaga kwa toleo la magari 1,000 lililoitwa Bye-Bye. Sheria za moshi barani Ulaya zilikuwa zimeifikia. Oktoba 2024 jina lilirudi kwenye gari la umeme lenye uzito unaozidi kilo 1,400. Ni gari zuri, lakini sioni kama linarithi kitu zaidi ya sura. Fikra ya Dreyfus ilikuwa kupunguza.

Anayetaka kununua ile ya zamani asihangaike na injini kwanza. Injini haina makuu na spea bado zinapatikana Ufaransa. Adui ni kutu. Piga jeki, lala chini, chukua bisibisi ugongegonge chasisi, hasa pale nondo za nyuma zinaposhikiliwa. Chuma kikizama, au ukikuta viraka vimechomelewa juu ya viraka, rangi inayong'aa isikudanganye. Hata hivyo usikate tamaa haraka: bodi imefungwa kwa bolti juu ya chasisi, na chasisi mpya zilizopakwa zinki zinauzwa. Kama unataka ya kuendesha kila siku, tafuta GTL yenye injini ya 1108, iliyoanza 1978. Za kuanzia 1983 zina breki za diski mbele, nazo zinasimama vizuri zaidi.

Kwa msomaji wa Kenya hesabu ni ngumu, kwa sababu magari ya mitumba yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingia nchini. Zilizopo ndizo zilizopo. Ukiiona moja imelala nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, bisha hodi uulize bei leo, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajafika na mizani yake.