Kaburi la François II wa Bretagne
Kaburi la François II wa Bretagne ni kaburi la marumaru lililopo katika Kanisa Kuu la Nantes, magharibi mwa Ufaransa. Lilichongwa na Michel Colombe kati ya miaka 1502 na 1507 kwa agizo la malkia Anne, ili kuwaenzi wazazi wake, mtawala François II na Marguerite de Foix.

Sanamu zao zimelala chali. Miguuni pana simba na mbwa. Kwenye pembe nne wamesimama wanawake wanaowakilisha busara, haki, nguvu na kiasi. Busara ana nyuso mbili: ya mwanamke kijana mbele na ya mzee nyuma.

Awali lilikuwa katika kanisa la Wakarmeli. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa iliamriwa livunjwe, lakini msanifu majengo Mathurin Crucy alivificha vipande vyake. Mwaka 1817 liliunganishwa upya katika kanisa kuu.