Piti ya Uingereza, Vinamasi vya Kongo

Mwezi Julai 2022, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifungua mnada wa vitalu vya mafuta, baadhi vikiwa ndani ya vinamasi vya Bonde la Kati. Lawama kutoka Ulaya zilimiminika. Mwezi uliofuata, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kufikia 2024 ingepiga marufuku kuwauzia piti wenye bustani za nyumbani nchini England. Mwaka huo ulipita, na sheria haikutungwa. Darasani hupenda kuyaweka matukio haya mawili pamoja.

Piti ni mabaki ya mimea yaliyozama majini bila kuoza kikamilifu. Hujikusanya takriban milimita moja kwa mwaka, hivyo kina cha mita moja ni kazi ya miaka elfu moja. Kinamasi kikikaushwa na kuchimbwa, kaboni iliyofungiwa humo huanza kurudi hewani.

Wauzaji husema bustani haiwezekani bila piti. Historia inawakatalia. Watunza bustani wa enzi za Malkia Victoria walitegemea zaidi majani yaliyooza, samadi na udongo wa kawaida. Ni katika miaka ya 1930 ndipo Lawrence na Newell, watafiti wa taasisi ya John Innes, walipoweka kanuni ya mchanganyiko wa kuoteshea: sehemu saba za udongo, tatu za piti, mbili za mchanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, maduka ya bustani na mifuko ya plastiki yaliigeuza piti kuwa bidhaa ya kila kaya. Hitaji hili lina umri wa babu zetu tu.

Tangu hapo zimefuata ahadi. Mwaka 1999 lengo lilikuwa asilimia 90 ya matumizi yasiwe ya piti kufikia 2010. Likashindikana. Mwaka 2011 likaja lengo la hiari: wenye bustani za nyumbani waache kufikia 2020, wakulima wa biashara kufikia 2030. La 2020 nalo likapita. Wakulima wana hoja ya kusikilizwa, kwani miche michanga ni dhaifu, na mbadala kama makumbi ya nazi (ambayo pwani yetu huyajua vyema) husafirishwa kutoka mbali. Lakini hoja hiyo haielezi miongo miwili ya kuahirisha.

Mwaka 2017, wanasayansi wa Uingereza na Kongo walikadiria kwamba piti ya Bonde la Kati inahifadhi tani bilioni 30 za kaboni. Kinshasa iliposhutumiwa kwa mnada, ilijibu kwamba nchi inahitaji mapato. Jibu hilo lilionekana la aibu. Hata hivyo, mwaka 2002 serikali ya Uingereza yenyewe iliilipa kampuni ya Scotts takriban pauni milioni 17 ili iache kuchimba piti katika maeneo kama Thorne na Hatfield, na malipo hayo yaliitwa fidia.