Mwizi Asiye na Faida

Mtu aliyeibiwa leso au saa mjini London katika karne ya 18 hakuwa na askari polisi wa kumkimbilia, kwa kuwa jeshi la polisi la mji ule halikuundwa ila mwaka 1829. Na sheria, ingawa ilikuwa kali kupita kiasi, ilimwachia yeye mwenyewe taabu ya kumsaka mwizi na gharama ya kumshtaki. Serikali, tangu mwaka 1692, iliahidi ijara ya pauni 40 kwa amtiaye hatiani mnyang'anyi wa barabarani. Basi wakamata wezi, ambao riziki yao ilitoka katika tuzo hiyo, walimwandama mnyang'anyi usiku na mchana, na mwizi wa leso, asiye na faida, wakamwacha aende zake.

Pengo hilo alilijaza Jonathan Wild, laghai hodari, aliyewapokea wenye mali afisini mwake kwa taadhima, akaandika daftarini sifa za kitu kilichopotea, kisha akakirudisha kwa malipo, hali wezi wenyewe walikuwa chini ya amri yake. (Wateja wake, nadhani, walishuku mengi wakanyamaza, kwani saa iliyorudi iliwafaa kuliko kesi.) Alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu, mwezi Mei 1725.

Polisi wa mwaka 1829 walilipwa mshahara, wala hawakungoja tuzo. Lakini desturi ya kulinganisha thamani ya kitu na taabu ya kukitafuta ilikuwa kongwe kuliko wao, na lawama ya kuianzisha si yao.