Neno Katikati ya Tarakimu Mbili: Vipimo vya Ujenzi Uingereza, Ujerumani na Pwani ya Afrika Mashariki

Katika lugha ya ujenzi ya Kiingereza, kihusishi "by" hufanya kazi mbili zisizokaribiana: huunganisha vipimo viwili vya kitu kimoja, kama unene na upana wa mbao, na humtaja anayewajibika kutenda kazi fulani. Kijerumani hakina neno moja linalobeba mizigo yote miwili. Katika vipimo mjenzi wa Kijerumani husema "mal", yaani mara, au "auf", hasa kusini mwa Ujerumani na nchini Austria. Seremala wa mapaa mara nyingi hatumii neno lolote, bali huandika 8/16 kwa mkwaju na kuzisoma tarakimu mbili mfululizo, akimaanisha boriti ya sentimita 8 kwa 16. Kiswahili nacho kimeikabidhi kazi hiyo "kwa", ndiyo maana duka la mbao la Dar es Salaam au Nairobi huuza "mbili kwa nne" bila mnunuzi kuuliza ni mbili za nini.

Swali hilo lisiloulizwa ndilo lenye historia ndefu, kwa kuwa kabla ya mwaka 1872 lisingeweza kukwepwa katika nchi za Kijerumani. Futi ya Prussia ilikuwa takribani sentimita 31.4 na ya Bavaria takribani 29.2, ilhali Baden ilikuwa imeirekebisha futi yake mapema katika karne ya 19 ili iwe sentimita 30 kamili. Boriti iliyotajwa kwa tarakimu zile zile ilibadilika unene ilipovuka mpaka. Sheria ya Shirikisho la Ujerumani Kaskazini ya tarehe 17 Agosti 1868 ilileta mita, na kuanzia tarehe 1 Januari 1872 matumizi yake yakawa ya lazima katika dola jipya la Ujerumani.

Wajerumani hawakuishia kuyabadilisha majina ya vipimo, kwani matofali yenyewe yalibadilishwa. Tofali la dola, lililowekwa mwaka 1872, lilikuwa na urefu wa sentimita 25, upana wa 12 na kimo cha 6.5, na kozi 13, yaani safu 13 za matofali pamoja na mota baina yake, zilifikia karibu mita moja kwenda juu. Kwa ulalo hesabu ilikuwa na kasoro, maana tofali la sentimita 25 likiongezewa kiungo cha mota cha sentimita 1 hutoa 26, idadi isiyoigawa mita sawasawa. Mbunifu wa majengo Ernst Neufert, ambaye kitabu chake cha usanifu kilitoka mwaka 1936 na kuenea duniani kote, aliishughulikia kasoro hiyo kwa kulianzisha jengo zima kutoka thumni ya mita, sentimita 12.5. Kanuni ya DIN 4172 ya mwaka 1955 iliukubali mpango huo, na tofali la kawaida likawa sentimita 24 kwa 11.5 kwa 7.1: sasa tofali na kiungo chake hutimiza sentimita 25, manne hutimiza mita, na kozi 12 hutimiza mita kwenda juu. Ndiyo sababu upenyo wa mlango katika ukuta wa Kijerumani huwa na upana wa sentimita 88.5, kipimo kinachomshangaza mgeni mpaka ahesabu thumni saba za mita na kuongeza sentimita 1 ya kiungo.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Kodi ya matofali ya mwaka 1784 ilitozwa kwa idadi, si kwa ukubwa, kwa hiyo wafyatuaji walikuza matofali yao ili walipe kidogo, na kodi yenyewe ikafutwa mwaka 1850. Katika mbao, jina lilibaki palepale huku mti ukipungua. "Mbili kwa nne" lilikuwa jina la mbao ilivyotoka kwenye msumeno. Ilipokwisha kukauka na kupigwa randa ilipungua, lakini hakuna mfanyabiashara aliyelibadilisha jina. Nchini Marekani jambo hilo liliingizwa katika kanuni rasmi, kiasi kwamba tangu miaka ya 1960 mbao hiyo ikiwa kavu na imepigwa randa ina inchi 1.5 kwa 3.5 tu, sawa na milimita 38 kwa 89. Ni desturi ya ajabu kidogo, ambamo bidhaa huuzwa kwa kumbukumbu ya ilivyokuwa.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na vipimo vyake kabla ya mifumo hiyo kufika: shibiri, dhiraa na pima, vyote vikitokana na mkono wa mtu. Miti ya mikoko iliyokatwa Lamu na Rufiji na kupakiwa majahazini kwenda Arabuni haikuhitaji kutajwa kwa tarakimu mbili, kwani iliuzwa kwa korija, yaani miti 20, na kwa majina ya unene kama fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba vya mawe vya Lamu na Unguja, ambavyo mara nyingi haviufikii upana wa mita 3.

Utawala wa Kijerumani ulikuja na mita, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilikuwa na upana wa mita moja. Upana huo huo ulitumiwa na Waingereza katika reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, kwa kufuata reli za namna hiyo za Uhindi, ingawa wao wenyewe walipima kila kitu kingine kwa futi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia futi na inchi zikaenea Tanganyika pia, na sheria za vipimo za baada ya uhuru zilizoirudisha mita hazikuzing'oa dukani. Fundi huagiza tofali za inchi sita, nondo za milimita 12, misumari ya inchi nne na bati la geji 30 katika orodha moja, kisha hupima kwa futikamba yenye mifumo yote miwili, wala hakosei.

Kazi ya pili ya "by" inahusu fedha zaidi kuliko umbo. Mchoro wa Kiingereza unapoandika "by others", humwambia mkandarasi kwamba kazi fulani si yake, bila kumtaja mwenyewe. Mjerumani huandika "bauseits", yaani kwa upande wa mwenye ujenzi, na neno hilo huelekeza moja kwa moja mahali gharama inapoangukia. Tofauti hiyo ina uzito katika nchi ambayo tangu mwaka 1926 mikataba yake ya ujenzi imekuwa ikiongozwa na kanuni za pamoja ziitwazo VOB. Nyumba nyingi za Tanzania na Kenya hujengwa kwa mpango ambao Mjerumani angeutambua mara moja, ingawa haujachorwa popote: mwenye nyumba hununua saruji, mchanga na nondo mwenyewe, na fundi hulipwa ufundi wake tu.