Fuwele nusuogania na optiki isowiana

Sukari ya viwanda vya Kabras na Butali, upande wa Malava katika Kaunti ya Kakamega, ni fuwele. Shira ya miwa hupikwa ndani ya tangi lenye ombwe mpaka ishibe kupita kiasi, kisha hutiwa chembe laini za sukari ziwe mbegu. Molekuli hujipanga juu ya kila mbegu, tabaka juu ya tabaka. Ukiipiga sukari hiyo kwa leza kali ya nanomita 1064, ambayo jicho haliioni, itatoa nuru hafifu ya kijani ya nanomita 532.

Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walilionyesha jambo hili mwaka 1961, walipopitisha leza nyekundu ya yakuti ndani ya fuwele ya kwatzi. Mwanga wa kawaida ukiongezwa maradufu, mwitiko wa elektroni nao huongezeka maradufu. Mwanga ukiwa mkali mno, uwiano huo huvunjika na wimbi jipya lenye masafa maradufu huzaliwa. Kwa hiyo napendekeza tuseme optiki isowiana. “Optiki isomstari” humfanya msomaji adhani mwale umepinda, na kupinda ni habari nyingine kabisa.

Sharti ni moja: mpangilio wa fuwele usiwe na kitovu cha ulinganifu, maana penye kitovu hicho pande mbili hufutana.

Hapo ndipo fuwele nusuogania zinapoingia. Elektroni za molekuli ogania huyumba kwa urahisi, lakini fuwele zake nyingi ni laini na hazistahimili joto. Chumvi zisizo ogania ni ngumu, ila mwitiko wake mara nyingi ni mdogo. “Nusu” hapa isieleweke kuwa ni mchanganyiko wa kugawana sawa. Ni muungano wa kikemia wa molekuli ogania na chumvi isiyo ogania. Thayourea peke yake, katika joto la kawaida, ina kitovu cha ulinganifu, basi haifai. Molekuli zake tatu zikishikana na zinki ya salfeti ya zinki, chumvi ambayo wakulima huitumia kama mbolea, kitovu hutoweka.

Maabara ya chuo kikuu kama Masinde Muliro, mjini Kakamega, yaweza kuanzia hapo: mole moja ya salfeti, tatu za thayourea, maji safi, kuchuja, kisha kufunika bika kwa karatasi yenye vitundu. Hewa ya mji wa mvua huchelewesha uvukizi, na joto likipanda na kushuka utapata vumbi la vifuwele badala ya fuwele moja angavu. Kidhibiti joto ni cha lazima.

Kisha huja ubainishaji: eksirei husoma mpangilio wa atomu, spektra huonyesha mwanga unaopenya, sindano ya almasi hupima ugumu. Kipimo ninachokithamini zaidi ni cha Kurtz na Perry, cha mwaka 1968: fuwele husagwa, unga hupigwa leza, na kijani chake hulinganishwa na cha fosfeti ya potasiamu dihaidrojeni.