Ngano za Ikutha na Suala la Umilikaji: Kutoka Daftari la Mmishenari hadi Sheria ya 2016

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Wakamba wamezoea kuanzia kwenye matini iliyokwisha kuandikwa, na ni nadra kuuliza matini hiyo ni mali ya nani. Swali hilo lina historia, na sehemu ya historia hiyo inapitia Ikutha, kusini mwa Kitui, ambako wamishenari wa Kilutheri kutoka Bavaria walifungua kituo mnamo 1891. Muda mfupi baadaye kazi yao iliunganishwa na ya Misheni ya Leipzig.

Mmishenari alihitaji lugha ili ahubiri, na lugha ikampeleka kwenye masimulizi. J. Hofmann, aliyeishi Ikutha, alichapisha mwaka 1901 maelezo juu ya uzazi, ndoa na kifo miongoni mwa Wakamba. Ernst Brutzer, wa misheni hiyohiyo, alitoa kitabu cha kujifunzia Kikamba mwaka 1906 na mkusanyo wa ngano za wanyama mwaka 1910. Kazi hizo ziliandikwa kwa Kijerumani na kutolewa Ujerumani. Kwa hiyo fanani aliyeitamba ngano hakuwa miongoni mwa wasomaji wake. Baadaye Msweden Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, alichapisha Kamba Folklore kwa sehemu tatu kati ya 1928 na 1935. Jalada la kila mojawapo ya vitabu hivi linabeba jina la mkusanyaji.

Je, sheria ya wakati ule ingesemaje? Mwaka 1900 Mahakama ya Malodi ya Uingereza iliamua kesi ya Walter dhidi ya Lane. Waandishi wa gazeti la The Times walikuwa wamenukuu hotuba za Lord Rosebery neno kwa neno, kisha mchapishaji John Lane akazikusanya kutoka gazetini na kuzitia kitabuni. Malodi walishikilia kwamba hakimiliki ya taarifa zile ilitokana na waliozinukuu, kwa kuwa unukuzi ulidai ustadi na juhudi. Msemaji mwenyewe, mtu mkubwa aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, hakuwa mdai katika kesi hiyo. Ikiwa hotuba ya Lodi ilimpatia haki aliyeiandika, mtambaji wa Ikutha angetegemea nini? Mantiki ni ileile: sheria hulinda umbo lililotiwa katika maandishi, na mwenye kalamu ndiye anayehesabiwa kuwa mtunzi.

Kenya huru ilipata Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966. Marekebisho ya 1975 yaliingiza sanaa za jadi katika sheria hiyo, mwaka mmoja kabla ya sheria ya kielelezo ya Tunis kupendekeza jambo hilo kwa nchi zinazoendelea. Hata hivyo, ulinzi huo uliiweka serikali, badala ya kijiji, kuwa mlinzi wa urithi. Sheria ya 2001 iliendelea kumpa waziri mamlaka ya kuidhinisha matumizi ya sanaa hizo. Huu ni udhaifu usiopaswa kufichwa: jamii ilitajwa kama chimbuko la kazi bila kupewa sauti ya mwenye mali. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 11, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 ilifuatia, ikidai ridhaa ya jamii itolewayo mapema na kwa ufahamu.

Kwa mhakiki, jambo la karibu zaidi ni matumizi ya haki. Sheria ya Marekani ya 1976 inampa hakimu vigezo vinne vya kupima matumizi ya aina yoyote; ya Kenya, ikifuata mkondo wa Kiingereza, inataja makusudi yenyewe: utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na habari za matukio ya wakati, mradi chanzo kitajwe. Kwa mkusanyo wa shuleni au wa chuo kikuu, sheria ya 2001 iliruhusu vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja. Tasnifu inayonukuu aya za ngano ili kuzichambua imo ndani ya mipaka. Kitabu cha kuuzwa kinachochapisha ngano nzima kwa jina la uhakiki kimetoka nje.

Muda nao huleta vioja. Lindblom alifariki mwaka 1969. Kwa kipimo cha Kenya cha miaka 50 baada ya kifo, hakimiliki yake ilikoma mwishoni mwa 2019. Kwa kipimo cha Sweden cha miaka 70, itadumu hadi mwisho wa 2039. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango aliyetoa Akamba Stories mwaka 1966, alifariki Oktoba 2019, na kwa kipimo cha Kenya kazi yake inalindwa hadi mwisho wa 2069. Hivyo ngano moja, ikipatikana katika vitabu vyote viwili, ni huru kwa Kenya katika maneno ya Msweden na imefungwa katika maneno ya Mkamba. Mwalimu wa Ikutha anayetaka kuitia katika kitabu chake anaweza kuizunguka hakimiliki zote mbili kwa kuisikia upya kutoka kwa mzee wa kijijini na kuiandika kwa maneno ya mzee huyo, lakini hapo ndipo sheria ya 2016 inapomkabili, kwa kuwa sasa inambidi aulize ridhaa ambayo Brutzer na Lindblom hawakudaiwa na sheria yoyote.