Uraibu Ulipokuwa Heshima

Ukisikia neno uraibu leo, akili inakimbilia wapi? Heroini, pombe, kamari za simu. Lakini fungua kamusi ya zamani ya Kiswahili ukutane na kitu kingine kabisa: jani la tambuu lililokunjwa na popoo, chokaa, katu, na pengine tumbaku. Huo ndio uraibu. Mgeni alipobisha hodi pwani, aliwekewa kijaluba chake mbele, akatafuna, mazungumzo yakaanza.

Na si mambo ya jana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, mtawala alimpelekea sahani ya tambuu na popoo. Akapewa majani kumi na popoo kidogo, kisha akamiminiwa marashi ya Dameski. Mgeni mheshimiwa alipokelewa hivyo. Hata jina lilikuja na jahazi: Sanskrit inasema tambula, Waajemi wakasema tambul, sisi tukasema tambuu.

Mtambuu ni ndugu wa pilipili manga, ndiyo maana jani lake linawasha ulimi. Huko India, waganga wa Ayurveda wamelitumia kwa karne nyingi. Unatafuna baada ya kula ili chakula kishuke na kinywa kinukie vizuri. Mtoto akikohoa, jani hupakwa mafuta, hupashwa moto, kisha huwekwa kifuani.

Sasa, shida iko wapi? Iko kwa mwenzake. Popoo ina arekolini, kemikali inayochangamsha mwili, na chokaa ndiyo huifungulia mlango. Mate mekundu, joto, jasho, halafu unataka tena. Mwaka 2004, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka popoo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Tambuu inayotafunwa na popoo imo pia, hata bila tumbaku. Ni saratani ya kinywa hasa.

Kwa hiyo ukipita Mji wa Kale Mombasa au Parklands Nairobi, uliza ndani ya jani mna nini. Tambuu tamu ya nazi na gulukandi, bila popoo, ni habari tofauti.

Neno uraibu limehama kutoka sebuleni hadi kliniki. Wazee wetu walitoa jina moja kwa ukarimu na kwa kile kinachokushika usiweze kuacha. Pengine waliijua popoo vizuri kuliko tunavyodhani.